Kikokotoo cha Ohm kwenye simu: kwa hita safi, kwa mota bado

Anayeshika waya mara kwa mara anaijua kanuni ya Ohm kichwani. Volti ukigawanya kwa ampea unapata omu, volti mara ampea unapata wati. Tangu 1827 Georg Ohm alipoichapisha haijabadilika, kwa hiyo niliipakua programu hii nikiwa na shaka: itanipa nini ambacho kalamu hainipi?

Jibu liko kwenye alama ndogo ya kufuli. Skrini ina visanduku vinne, volti, ampea, omu na wati. Unajaza viwili vyovyote, vilivyobaki vinajijaza vyenyewe. Niliweka birika la umeme, volti 230 na ampea 8.7, nikapata omu 26.4 na wati 2001. Mpaka hapo hakuna jipya. Lakini ukibonyeza kufuli kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, ukinzani unaganda na volti unaweza kuzichezea. Nikashusha hadi 200. Mkondo ukashuka hadi ampea 7.57 na nguvu ikawa wati 1513. Volti zimepungua kidogo tu, ila birika limepoteza karibu robo ya nguvu yake, kwa sababu nguvu hufuata mraba wa volti. Kuna watu ukiwaeleza hilo kwa mdomo watabisha mpaka kesho. Waonyeshe skrini.

Kwa kazi za rezista, kile kipande kidogo cha kuzuia mkondo usizidi, ndiko ninakoitumia zaidi. Taa ndogo ya LED inayochukua volti 2, ikitumia miliampea 20 kwenye chaji ya volti 12, inaiachia rezista volti 10. Hizo 10 ndizo unazoingiza, si 12. Programu haikutolei hesabu hiyo. Inakupa omu 500, na chini yake wati 0.2, kile kipengele ambacho wengi wetu hatukitazami. Rezista ya robo wati itaimudu lakini itachemka, mimi hufunga ya nusu wati. Kitufe cha kubadili ampea kuwa miliampea kiko wazi na kikubwa, jambo jema, maana 20 ikiingia kama ampea jibu linakuwa nusu omu na LED inakwenda na maji.

Kasoro yake ni kwamba inajibu kila swali kwa uhakika uleule. Balbu ya zamani ya wati 60 kwenye volti 230 inaipa omu 882, na ni kweli, ikiwa inawaka. Ipime ikiwa baridi kwa multimita, haifiki hata 100, kwa kuwa ukinzani wa uzi wake hupanda kwa joto. Programu haitoi onyo lolote. Kwenye feni na friji ndiyo inaharibu kabisa: volti 230 kwa ampea 0.4 inakuandikia wati 92, wakati mota yenye pawafakta (sehemu ya volti mara ampea ambayo ni nguvu halisi) ya 0.7 inakula kama 64 tu. Omu inazotoa hapo usizichukue, mota si waya wa hita.

Matangazo yapo, yanakaa chini bila kusumbua, na hesabu zinafanyika hata bila intaneti. Nyota 4. Ya tano nimeibana mpaka waongeze kisanduku cha pawafakta.