Mkia wa gauni la harusi wa kuvaa na kuvua: umenifaa sana, ila sio kwa kila shughuli

Naanza na maksi za huu mkia, yaani kile kitambaa kinachoburuza nyuma ya gauni, ndo tuongee vizuri: nyota nne kati ya tano. Ile moja imekwama kwenye vindoano, nitaeleza huko chini. Ila kabla hujakimbilia kukodi au kushonesha jiulize kwanza shughuli yako ni rasmi kiasi gani, manake watu wengi wanachagua urefu wa mkia kwa kuangalia picha ya mwanamitindo aliyesimama ngazini hajapiga hata hatua moja, nguo imetandazwa na watu watatu ambao hawapo kwenye picha, halafu mdada anaenda kuuvaa kwenye bustani yenye nyasi mbichi anashangaa kwanini kafika mbele na majani.

Wangu mimi ni wa leisi juu ya neti, urefu unaoitwa wa chapeli, unafungwa kiunoni juu ya gauni la krepu lililonyooka lisilo na mkia wake wenyewe. Yaani ukivua mkia unabaki na gauni refu la kawaida, safi, unacheza utakavyo.

Urefu wenyewe nipite haraka, na jua kila duka lina vipimo vyake kidogo. Mfupi kabisa ni ule wa kufagia, nyuma unapitiliza pindo kidogo tu kama sentimita 15 hadi 30, wengine hata hawautambui mpaka ugeuke. Anayefuata ni wa kikorti, mrefu kiasi lakini bado unatembea nao peke yako bila kusaidiwa. Kisha chapeli, kama mita 1.2 hadi 1.5 kupima kutoka kiunoni. Kisha katedrali, mita 1.8 hadi 2.4 hivi. Ukizidi hapo umeingia kwenye wa kifalme na huo bila mtu wa kukushikia usijaribu. Kuna na wa Watteau ambao hauanzii kiunoni, unaning'inia kuanzia mabegani, umepewa jina la yule mchoraji wa Ufaransa Antoine Watteau aliyependa kuwachora wanawake wenye magauni ya hivyo mgongoni. Mzuri sana kwa mwenye mgongo mrefu, kwa mfupi unameza mtu mzima.

Sasa utaratibu ambao kila muuza magauni atakwambia ni kwamba shughuli ikiwa rasmi zaidi mkia unarefuka. Kanisa kubwa au ukumbi mkubwa, usiku, wanaume wamevaa tuksido, kadi imeandikwa aina ya mavazi: katedrali, ama chapeli kwa uchache. Mchana, suti za kawaida, watu wanaofahamiana: chapeli au wa kikorti. Bustanini, ufukweni, kwa msajili wa ndoa: wa kufagia au usiweke kabisa. Utaratibu huo sio mbaya na ukiufuata hutaaibika. Ila mimi ukiniuliza nitakwambia urasmi unakupa kikomo cha juu tu, yaani usizidi hapa. Chini ya hapo kinachoamua ni njia. Njia ya kupita ni ndefu kiasi gani, ina upana gani, sakafu ni ya nini, na utasimama ukiwapa watu mgongo kwa muda gani. Mkia unaonekana ukiwa umewapa watu mgongo, hakuna kingine. Ukumbi wenye njia fupi ya hatua chache tu, hata kama wageni wote wamevaa tuksido, mkia wa katedrali hauna pa kulala, wewe umeshafika mbele ncha yake bado iko mlangoni na mtu kaikanyaga.

Na wala sio lazima uwe mrefu ili uonekane rasmi. Angalia harusi za kifalme za Uingereza zenyewe. Diana alipoolewa na Charles tarehe 29 Julai 1981 aliingia kanisa la St Paul's na mkia wa futi 25, mita saba na nusu na ushee, tafeta ya hariri, na tafeta inakunjika kirahisi, akakunjwa nao ndani ya lile gari la farasi la vioo akashuka dunia nzima inaona mikunjo. Hiyo ni shughuli rasmi kuliko zote unazoweza kufikiria, na kanisa lenyewe kubwa, kwa hiyo urefu ulikuwa na pa kwenda, kilichomwangusha ni kitambaa na usafiri. Miaka 30 baadaye, Aprili 2011, Kate akaolewa na William, mtoto wa Diana, kanisa la Westminster Abbey na mkia wa mita 2.7. Urasmi ule ule kabisa, mkia umepungua zaidi ya nusu, na hakuna aliyesema gauni lilikuwa la kawaida. Meghan naye, alipoolewa na Harry mdogo wake William Mei 2018 kule Windsor, alivaa gauni lisilo na madoido, kazi yote ikafanywa na shela la mita tano, watoto wakalishika nyuma. Hapo kuna ujanja mkubwa ambao watu hawauoni: shela refu linaweza kufanya kazi ya mkia, na ukishamaliza ibada unalitoa kichwani basi, hakuna fundi wala vifungo. Kama bajeti inakubana, weka gauni la mkia mfupi na shela refu kuupita mkia. Lakini viwili vyote virefu vyenye leisi tofauti jamani hapana, mgongoni panakuwa na vurugu.

Haya, jambo ambalo ningependa kila bibi harusi aulize kabla hajalipa chochote: mnapima kutoka wapi? Hapa ndo pana shida kubwa kuliko zote. Duka moja litakwambia mkia wa sentimita 150 likimaanisha kutoka kiunoni, jingine linamaanisha kutoka pale gauni linapogusa sakafu. Kwa mwanamke wa urefu wa kawaida aliyevaa viatu virefu, kiunoni mpaka chini ni kama mita moja na kidogo. Kwa hiyo ile 150 ya kiunoni, ikishashuka mpaka chini, inabaki kama nusu mita tu ya kuburuza. Ile 150 ya sakafuni inabaki mita moja na nusu nzima. Nguo mbili tofauti kabisa, karatasi imeandika namba moja. Mimi huu wangu nilivyoletewa nikamwambia dada wa dukani auweke chini tupime na utepe, akapima kutoka ukanda wa kiunoni akasema ni huo huo wa kwenye karatasi, nikavaa viatu, nikasimama, tukapima kilichobaki sakafuni, na hapo ndo nikajua nachukua nini. Ukinunua mtandaoni omba picha ya pembeni mtu akiwa amevaa, sio ya nyuma, picha ya nyuma inadanganya kwa sababu kamera ikiwa chini kila mkia unakuwa wa kifalme.

Turudi kwenye bidhaa yenyewe. Kilichonifurahisha kuliko vyote ni uzito. Neti na leisi ni nyepesi, hivyo ukitembea mkia unakufuata, haukuvuti. Ule wa satini nzito niliojaribu kabla ya huu ulikuwa unalala vizuri mno, mkunjo haukuwepo, kwenye picha ungeua watu, lakini kila nikipiga hatua nahisi kiuno kinarudi nyuma, na nikiinua mguu kupanda ngazi gauni linashuka kifuani. Kwa shughuli ya kukaa mbele muda mrefu satini ni mfalme, sikatai. Kwa kutembea hapana. Pia neti ina tabia ya kunata kwenye zulia, kwenye vigae inateleza vizuri, kwenye zulia la manyoya inabaki nyuma halafu inakuja kwa mkupuo. Kajaribu ukumbini kwenyewe kama wanakuruhusu, hata kwa kipande cha neti kama hiyo, sio lazima gauni.

Kugeuka ndo mtihani. Hugeuki pale pale uliposimama, unazunguka kwa duara pana kama lori lenye tela, na msimamizi wako anapitia nyuma kuutandaza. Kurudi kinyumenyume usithubutu, utakanyaga mwenyewe. Nilimfundisha msimamizi wangu kitu kimoja tu: ashike mkia sehemu mbili za pembeni, auinue ujae hewa, auachie ushuke wenyewe, asiuvute. Ukivutwa unalala bapa na ukingo wa leisi unajikunja kwa ndani. Ukiachiwa unajitandaza wenyewe.

Sasa vindoano. Vimepangwa kuzunguka ukanda wa kiuno, vidogo, vya chuma, na vinafungwa kwa nyuma ambako wewe mwenyewe huoni wala hufiki. Kuvaa kunahitaji mtu, sawa, hilo nilijua. Kuvua ndo balaa, manake ile sifa kubwa inayotangazwa ni kwamba unavua sekunde moja unaingia kucheza. Sio sekunde moja. Msimamizi kapiga magoti na tochi ya simu, kucha zake ndefu, kindoano cha katikati kimeng'ang'ania uzi wa leisi, na MC anaita mara ya pili. Hilo ni kosa la mshonaji, ndoano zilitakiwa ziwe kubwa kidogo na chache, au vifungo vya kubana vya kubonyeza pembeni na ndoano mbili tu imara katikati ya mgongo kubeba uzito. Nilimpelekea fundi mwingine akabadilisha, kazi ndogo, sasa unatoka vizuri. Nyota ile nyingine ingerudi kama wangeushona hivyo tangu mwanzo.

Kitu kingine cha kuangalia ni rangi. Mkia na gauni vikitoka sehemu mbili tofauti, nyeupe mbili hazifanani, moja ina njano ndani, nyingine ina bluu, na kwenye taa za dukani huoni. Peleka mlangoni kwenye mwanga wa jua uweke kitambaa juu ya kitambaa. Na ukanda wa kiunoni uwe na pambo la kuficha mshono, mkanda wa satini au ua, bila hivyo watu wa kiti cha nyuma wanaona kabisa nguo imepachikwa.

Na wale wenye gauni ambalo mkia umeshonewa moja kwa moja msione mmekosa, kuna kuupandisha. Mtindo wa Kimarekani unaufunga kwa nje, mkia unainuliwa na kushikizwa na vifungo juu ya sketi, haraka na rahisi ila vifungo vinaonekana kidogo. Wa Kifaransa unafungwa kwa ndani kwa nyuzi za utepe chini ya sketi, nyuma panajaa vizuri, mzuri zaidi kwa macho yangu, lakini mtu lazima aingie chini ya gauni na nyuzi ziwe na alama au rangi la sivyo atafunga ya kwanza na ya nne. Mkia wa chapeli wa kitambaa chepesi unaweza kutosha na sehemu chache za kushikizia, wa katedrali wenye leisi nzito unataka nyingi, na kila sehemu ni mahali panapoweza kukatika mtu akikukanyaga wakati wa kucheza. Ndo maana kwa katedrali mimi nasema ama wa kuvua, ama uwe na gauni la pili. Gharama ya fundi kuupandisha mara nyingi haimo kwenye bei ya gauni, iulizeni mapema.

Kwa hiyo nani achukue mkia wa kuvua? Mwenye shughuli ya sehemu mbili, ibada rasmi kisha sherehe ya kucheza mpaka usiku. Huyo achukue hata leo. Mwenye ibada ndefu na chakula cha kukaa mezani tu basi ashone mkia wa moja kwa moja, unalala vizuri kuliko wa kupachika, hakuna mshono wa kiunoni, na wala hatakuwa na haraka ya kuuvua. Mwenye gauni lenye sketi iliyojaa kabisa asihangaike nao, unakaa juu juu unaonekana shuka. Umbo lililonyooka au lililobana mpaka magotini ndo linaupokea vizuri.

Wifi yangu ameshaniomba wangu. Shughuli yake ni kwa msajili asubuhi, ofisi ina viti ishirini na mlango mwembamba, kisha wanaenda kula watu wachache. Nimemwambia viatu nakupa, shela fupi nakupa, mkia uache kabatini, akanuna kidogo, nikamwambia basi uvae nje mkipiga picha kwenye ngazi halafu uuvue kabla hujaingia ndani. Tumekubaliana hivyo, na vindoano vipya vitamfaa hapo.