MRI ya uvimbe wa ubongo: kwa gadolini au bila sindano?
Uvimbe mkali kama glioblastoma huchipusha mishipa mipya ya damu ili ujilishe, na mishipa hiyo huvuja. Kuichunguza kwa MRI (mashine ya picha za sumaku) kuna njia kadhaa; hapa nalinganisha mbili: DSC, yenye sindano, na ASL, isiyo na sindano.

DSC hutumia gadolini, dawa inayobadilisha ishara ya picha, inayodungwa mshipani kwa kasi. Inapopita ubongoni, ishara ya picha hushuka ghafla kisha hupanda, na mshuko huo ndio unaoonyesha wingi wa damu ndani ya uvimbe. Kazi huisha kwa dakika moja au mbili. Kwa kasi, ASL imeachwa mbali: hutia alama maji ya damu shingoni kwa mawimbi ya redio, ishara yake ni hafifu, na mgonjwa akitikisika picha huchafuka.

Kwenye uvujaji mambo hugeuka. Gadolini ikitoka nje ya mshipa hupotosha hesabu ya DSC isiporekebishwa, na mabaki ya damu baada ya upasuaji huharibu picha. ASL haisumbuliwi sana na uvujaji, tena hurudiwa bila kudunga chochote.

Kwa mtoto anayefuatiliwa miaka mingi, au mwenye figo dhaifu, ningeanza na ASL. Kwa asiyeweza kutulia, au mzee ambaye damu hufika ubongoni polepole, ningechagua DSC.