Anki kwa mwanafunzi wa uuguzi anayeteswa na tahajia

Anki nimekuwa nayo tangu muhula wa kwanza wa uuguzi, na hapa naipima kwa kigezo kimoja tu: inamsaidia mtu ambaye herufi humchanganya? Kwangu imesaidia kuliko programu nyingine yoyote niliyowahi kuweka kwenye simu. Ila msaada huo lazima uufuate ulikojificha. Ukiipakua na kuitumia kama ilivyo, utakariri maana za maneno na tahajia yako itabaki pale pale.

Kwa asiyeifahamu, Anki ni programu ya kadi za kujifunzia iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2006 na Damien Elmes. Kadi ina swali upande mmoja na jibu upande wa pili. Ukijibu sawasawa, kadi hiyo haikusumbui kwa siku kadhaa, halafu wiki, halafu miezi. Ukikosa, inarudi baada ya dakika chache. Kwenye kompyuta ni ya bure, na kwenye simu za Android kuna AnkiDroid ambayo nayo ni ya bure. Kwenye iPhone inalipiwa.

Nina disleksia, yaani hali inayofanya kusoma na kuandika maneno kuwe kugumu. Kazi ya figo naielewa, na mgonjwa naweza kumweleza kwa utulivu kwa nini anapewa dawa ya kupunguza maji mwilini. Kalamu ikigusa karatasi, herufi hubadilishana nafasi. Na istilahi zetu hazina huruma. Sisi tuliozoea lugha inayoandikwa jinsi inavyotamkwa tunakutana na p ya pneumonia ambayo hakuna anayeitamka, na ph mahali ambapo sikio linasikia f. Mwanafunzi mwenye akili nzuri kabisa anaweza kuonekana mzembe kwenye maelezo ya uuguzi kwa sababu hiyo tu, na jambo hilo linaniuma ninapoliona kwa wenzangu.

Sasa nije kwenye kile kinachoifanya Anki istahili sifa. Ndani yake kuna aina ya kadi inayokutaka uandike jibu mwenyewe kwa kibodi. Ukimaliza, inaweka ulichoandika juu ya jibu sahihi na kulinganisha herufi kwa herufi: zilizo sahihi kwa kijani, zilizokosewa kwa nyekundu, na pale uliporuka herufi inaacha alama ya kijivu. Ukiandika arythmia badala ya arrhythmia (mapigo ya moyo yasiyo sawa), unaona papo hapo kwamba umeacha r moja na h. Nimefundishwa tahajia na walimu wengi waliokuwa wakizungushia neno zima duara la wino mwekundu. Duara linakwambia neno ni baya, halikwambii ubaya uko wapi. Rangi zile zinakuonyesha mahali penyewe, na baada ya muda unagundua kwamba makosa yako yana tabia. Mimi huacha herufi inayorudiwa, na hubadilishana i na e. Nilipojua hivyo, nilijua nitazame wapi kabla ya kusaini chochote.

Linganisha na kisahihishi cha simu. Kile hubadilisha neno kimya kimya, na kwa kuwa hakijui majina mengi ya dawa, hukuwekea neno la kawaida linalofanana nalo. Hujajifunza kitu, na pengine umeandika jambo ambalo hukulikusudia. Nimekizima kabisa kwenye simu ninayosomea.

Kadi zangu za mwanzo zilikuwa za majina ya dawa yanayofanana, maana huko tahajia inagusa uhai wa mtu. Hydralazine hushusha presha. Hydroxyzine ni ya mzio na muwasho, na hutumika pia kutuliza wasiwasi. Chlorpropamide ilitengenezwa kwa ajili ya kisukari, chlorpromazine ni ya magonjwa ya akili. Dopamine na dobutamine zote mbili hutolewa kwa wagonjwa mahututi, lakini hazifanyi kazi kwa namna moja. Tatizo hili si la wenye disleksia peke yao. Mwaka 2001 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilianzisha mradi wa kutofautisha majina ya aina hii kwa kukuza herufi zinazoyatenganisha: hydrALAZINE na hydrOXYzine, DOPamine na DOBUTamine. Nimeziandika kadi zangu kwa mtindo huohuo. Kadi ya kawaida inaniuliza, «Dawa gani ya sindano inayoanza na hydr- hupewa mwenye presha ya hatari wakati wa ujauzito?» nami naandika jina lote. Kuchagua kati ya majibu manne hakutoshi, kwa sababu anayechagua anatambua tu. Wodini unatakiwa kuandika ukianza na karatasi tupu.

Kundi la pili ni maneno ambayo herufi moja inahamisha kiungo au tatizo. Ileum ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, ilium ni mfupa wa nyonga. Dysphagia ni shida ya kumeza, dysphasia ni shida ya lugha. Fikiria mgonjwa wa kiharusi: moja inakutaka uwe mwangalifu na chakula chake, nyingine inakutaka ubadilishe namna ya kuzungumza naye. Kwa hypo- (chini ya kawaida) na hyper- (juu ya kawaida) nimetengeneza kadi nyingi kuliko nilivyodhani ningehitaji, na sijutii hata moja.

Ila kilichonipa nafuu kubwa ni kadi za vipande vya maneno. Hapo Anki ni chombo tu, kazi ni yako. Ukijua kwamba -ectomy ni kukata na kuondoa, -otomy ni kukata ili kufungua, na -ostomy ni kutengeneza tundu la kupitishia kitu, huna haja ya kukariri operesheni mojamoja. Ukijua kwamba neno la Kigiriki linaloanza na rh hurudia r likitanguliwa na kipande kingine, basi rrh ya arrhythmia, haemorrhage (kutokwa na damu) na diarrhoea (kuhara) inaacha kuwa fumbo. Rhinorrhoea, yaani kamasi kutiririka, inaonyesha hali zote mbili ndani ya neno moja: rh mwanzoni, rrh katikati. Nakumbuka furaha niliyoipata nilipoliandika lote likatoka kijani! Dawa nazo zina familia zinazotambulika kwa mkia wa jina: -olol, -pril, -sartan. Ukishaujua mkia, unabaki na silabi za mwanzo tu.

Sauti pia inawezekana. Kwenye kompyuta unaweza kurekodi moja kwa moja ndani ya kadi. Mwenzangu mwenye matamshi mazuri alinirekodia majina, kwa hiyo upande wa swali nina sauti tu, nami naandika ninachosikia. Ni zoezi zuri kwa makabidhiano ya zamu, ambapo muuguzi anayetoka anataja dawa na wewe unaandika. Programu inaweza pia kusoma neno kwa sauti ya mashine, lakini kwa majina ya dawa sauti ya binadamu inafaa zaidi.

Kuna faida moja ambayo sikuitarajia. Asiyejiamini kwenye tahajia hukimbilia vifupisho ili kulikwepa neno refu, na vifupisho vingine ni hatari. MS inaweza kusomwa morphine sulfate au magnesium sulfate, dawa mbili tofauti kabisa. Herufi U ya yuniti za insulini ikiandikwa haraka husomwa sifuri, na dozi ikaongezeka mara kumi. Vyote viwili vimo kwenye orodha ya vifupisho visivyoruhusiwa ambayo Joint Commission, shirika la Marekani linalokagua ubora wa hospitali, ilianza kuitumia mwaka 2004. Kwa kuwa Anki inanilazimisha kuandika kwa ukamilifu, mkono umezoea, na hamu ya kufupisha imepungua yenyewe.

Sasa kasoro zake, ambazo si chache.

Sura yake ni kavu na mipangilio imejaa mambo. Kadi ya kuandika jibu huwezi kuikuta bila kuitafuta: lazima uichague kwenye orodha ya aina za kadi, au uongeze «type:» mbele ya jina la sehemu kwenye kiolezo, yaani muundo wa kadi. Kwa mtu ambaye kusoma kwenyewe ni kazi, maelekezo yake marefu yanachosha. Mwombe rafiki mwenye uzoefu akae nawe mara moja, baada ya hapo hutahitaji msaada.

Kadi zilizotengenezwa na wengine ziko tele, na zinavutia kwa sababu zinaokoa muda. Nakushauri usizitumie kwa tahajia. Nimekuta ndani yake majina yaliyokosewa, na programu itakupa nyekundu kwa kuandika sahihi. Tengeneza zako ukiwa na kitabu cha dawa mbele yako, na unakili jina kutoka kwenye kitabu, usilitoe kichwani.

Pia, rangi ni rangi tu: programu haikuamulii kama umefaulu. Wewe ndiye unayebonyeza kwamba umejua au umekosa, na kishawishi cha kujisamehe herufi moja ni kikubwa. Sheria yangu ni kwamba herufi moja nyekundu inatosha kadi kurudi. Kadi mpya zimewekwa 20 kwa siku unapoanza. Kwa kadi za kuandika ni nyingi mno. Punguza mapema, la sivyo wiki ya zamu za usiku itakuacha na mlundikano wa kukatisha tamaa.

Na Anki haiingii kwenye kazi yenyewe. Wodini nalinakili jina la dawa kutoka kwenye cheti cha daktari na kulilinganisha na chupa, herufi kwa herufi, hata kama kadi yake imekuwa kijani mwaka mzima. Nisipokuwa na uhakika namuuliza muuguzi mwandamizi anitajie herufi. Sijapata kukutana na muuguzi mzuri aliyechukia swali hilo. Taarifa za mgonjwa, hata jina la kwanza, haziingii kamwe kwenye kadi, kwa sababu kadi husawazishwa kupitia mtandao.

Kinachonikera hadi leo ni kwamba kadi ya kuandika inakubali tahajia moja tu. Haemorrhage ya Uingereza na hemorrhage ya Marekani zote ni sahihi, lakini Anki itapaka rangi ile isiyokuwa kwenye kadi. Vitabu vyangu vinachanganya mitindo yote miwili, kwa hiyo nimechagua unaotumiwa na mkufunzi wetu wa kliniki, na mwingine nimeuandika kwa herufi ndogo chini ya jibu ili nikiuona kwenye chati nisishtuke.