Waamuzi wa kukodi kwa mechi za watoto: ukaguzi safi, kipenga kizito

Timu yetu ya watoto wasiozidi miaka 13, ambayo huchezea uwanja wa murram huku Eastlands, Nairobi, imetumia waamuzi wa kundi moja la kukodi msimu mzima. Ninachopima hapa si maamuzi ya kuotea wala ya penalti, ambayo kila kocha ana manung'uniko yake, bali jinsi wanavyowalinda watoto.

Kabla ya mechi kuanza, sina la kulalamikia. Mwamuzi wa kati hufika mapema, huwapanga watoto mstari mmoja na kugonga ugoko wa kila mmoja kwa kidole ili asikie kama kikinga kipo chini ya soksi. Aliwahi kumzuia beki wetu aliyefunika bangili yake kwa plasta, na alikuwa na haki, kwa kuwa Sheria ya 4 ya soka inakataza mapambo yote, hata yaliyofunikwa. Siku nyingine alitikisa goli la chuma la kubebeka, likayumba, naye akakataa kuanza mpaka lilipokazwa kwa vigingi. Dakika 20 zilipotea na wazazi wakalalamika. Nami nililalamika, jambo ninalolionea haya sasa.

Kasoro ilijitokeza Jumamosi moja baada ya mvua. Kiungo wetu na mpinzani wake waliruka pamoja, vichwa vikagongana kwa mlio uliosikika hadi pembeni, na wetu akabaki chini. Mwamuzi aliufuata mpira hadi upande wa pili na hakupuliza kipenga mpaka ulipotoka nje. Ni kweli kwamba Sheria ya 5 inamruhusu kuacha mchezo uendelee iwapo jeraha ni dogo, lakini inamtaka ausimamishe iwapo ni kubwa, na kichwa cha mtoto aliyelala chini hakiwezi kukadiriwa kwa mtu aliye mita 40. Alipofika alimuuliza tu, "Uko sawa, kijana?" Mtoto akatikisa kichwa kukubali, kama afanyavyo mtoto yeyote asiyetaka kutolewa, na mchezo ukaendelea. Muda mfupi baadaye mtoto huyo alinijia pembeni akauliza, "Mwalimu, ni ngapi kwa ngapi?" ilhali bao pekee la mechi hiyo alikuwa amelifunga yeye mwenyewe. Nilimtoa papo hapo, na mamake akampeleka hospitali.

Mwamuzi si daktari, wala hakuna anayemtaka apime ubongo uwanjani. Kazi yake ilikuwa kusimamisha mchezo na kuhakikisha kwamba mtoto anatoka. Nami kocha nilichelewa, hilo nalikubali.

Mechi mbili zilizosalia tumekwisha kuzilipia. Nimewaomba watuletee katikati yule mwamuzi wa pembeni aliyekuwa upande wetu, kwa kuwa siku ile kibendera chake kilikuwa juu kabla ya mtu yeyote kupiga kelele.