Treni ya modeli: ya dukani au ya kujiundia?

Ya dukani ina raha ya haraka. Chukua Hornby, kampuni ya Uingereza, skeli ya 1:76 (ndogo mara 76 kuliko treni halisi): unafungua boksi, unaipandisha relini, unawasha umeme, inakwenda. Na rangi imekaa vizuri kuliko mkono wa wengi wetu.

Ila ukitaka injini ya mvuke aina ya Garratt, ya daraja la 59, yale majitu 34 ya Reli za Afrika Mashariki yaliyopewa majina ya milima, kuipata tayari ni shida. Reli yake yenye upana wa mita moja, kwa skeli ya 1:87, inakuwa milimita 12 hivi. Hapo unakata shaba, unalehemu, unaungua vidole, na taratibu unaelewa kwa nini boila imebebwa katikati ya injini mbili. Boksi halikufundishi hilo. Mimi ningejiundia, rangi ningempa fundi mwingine.