Kifurushi cha gemu: uanzie wapi ukiwa Moshi

Ukitaka kununua kifurushi cha gemu za watengenezaji wadogo, yaani gemu nyingi zinazouzwa pamoja, mara nyingi kwa kulipa unachoweza, tazama bando lako kabla ya bei. Kifurushi cha dola 5 kinaweza kumeza bando la mwezi mzima kabla hujacheza hata dakika moja. Kwa hiyo nimezipanga tovuti tatu za kununulia hivi.

Ya kwanza, tena kwa mbali, ni itch.io. Unashusha faili lenyewe na linabaki kuwa lako. Jumamosi naenda kwa rafiki yangu wa Soweto, hapahapa Moshi, mwenye Wi-Fi, nashusha gemu nne, naweka nakala kwenye flashi, narudi Pasua. Umeme ukikatika nacheza hadi chaji iishe, bila kuuliziwa intaneti. Juni 2020 walitoa kifurushi cha kuchangia haki na usawa wa rangi: kuanzia dola 5, vitu zaidi ya 1,700! Ila wingi huo una kazi yake. Vingine ni vitabu vya michezo ya mezani au muziki, na gemu haziingii zenyewe kwenye maktaba yako. Unazichukua moja moja kutoka ukurasa wa kifurushi. Ile barua pepe ya manunuzi usiifute.

Ya pili ni Humble Bundle, walioupa umaarufu mtindo huu Mei 2010 kwa gemu za World of Goo, Aquaria na nyinginezo, wakakusanya zaidi ya dola milioni 1. Gemu zao huchujwa vizuri, na kuna sehemu ya kupanga fedha yako igawanyweje kati ya watengenezaji, hisani na duka. Lakini siku hizi mara nyingi unapewa namba za kufungulia gemu kwenye Steam, duka jingine la gemu mtandaoni. Soma kama zinakubali Tanzania, soma na tarehe ya mwisho ya kuzitumia. Duka moja liliwahi kuniuzia kifurushi, nikaacha namba tatu nikisubiri bando. Niliporudi muda ulikuwa umekwisha. Sasa nafungua namba zote siku ileile, kushusha kutafuata.

Fanatical ni ya tatu: bei wamepanga wao. Nenda huko kama kuna gemu unayoijua na unaitaka.

Kulipa, kadi ya Visa ya M-Pesa inatosha. Kompyuta ya mtumba yenye RAM ya GB 4 ichagulie gemu za picha bapa (2D), na usome mahitaji ya kila moja, maana kifurushi kimoja huchanganya nyepesi na nzito.

Kama hujawahi kununua kabisa, acha kifurushi kwanza. Tafuta itch.io gemu moja ambayo mtengenezaji ameruhusu ulipe hata sifuri, uicheze wiki nzima. Ikikushika, rudi ulipe. Pale mtengenezaji ndiye anayepanga duka likate asilimia ngapi, kwa hiyo sehemu kubwa ya dola zako 2 inaweza kumfikia kweli mtu aliyekesha akiitengeneza.