Aspirini: anhidridi ya asetiki au asidi ya asetiki?

Aspirini hutengenezwa kwa kuchanganya asidi ya salisiliki na kimojawapo cha hivi viwili. Chukua gramu 2.00 za asidi ya salisiliki. Ni moli 0.0145 (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli), na kila moli moja hutoa moli moja ya aspirini. Kwa hiyo kikomo cha hesabu ni gramu 2.61, utumie anhidridi au asidi ya asetiki, mradi asidi ya salisiliki ndiyo inayoisha kwanza.

Kwenye karatasi, asidi ya asetiki inavutia: ni rahisi kupata, na taka yake ni maji tu. Asilimia 91 ya uzito wa malighafi huingia kwenye aspirini. Kwa anhidridi ni 75. Lakini maji hayo hayo huirudisha aspirini ilikotoka, na mmenyuko husimama mapema ukiwa umetoa kidogo mno.

Anhidridi haizalishi maji. Mililita 5 ni takriban moli 0.053, zaidi ya mara tatu ya zinazohitajika. Weka matone ya asidi ya salfuriki, pasha moto kiasi, basi. Anhidridi inawasha macho vibaya, lakini mimi ningeichagua hiyo. Ukipima fuwele ukakuta gramu 3, usishangilie: hazijakauka.